Ziwa likiwa uji, tafuta chambo chenye besi

Kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku, ule wa kilo mbili, ndicho kifaa cha kwanza ninachotoa nikifika kuvua Dunga, ufuo wa Kisumu, ili nipime maji ni maangavu kiasi gani. Si fimbo, si rili, wala si kisanduku cha vyambo. Nimekipaka nusu nyeupe na nusu nyeusi, nikakitoboa katikati, nikafunga nati nzito chini yake ili kizame kikiwa kimelala, na kamba yake ina fundo kila baada ya sentimita 10. Nakiteremsha upande wa mashua wenye kivuli mpaka kipotee, nahesabu mafundo, nakivuta polepole mpaka kionekane tena, nahesabu mara ya pili, kisha nachukua katikati ya hesabu hizo mbili. Padri Mwitaliano, Angelo Secchi, alifanya jambo hilihili kwa sahani nyeupe baharini Mediterania mwaka wa 1865, na watafiti wa maziwa mpaka leo wanatumia kifaa kinachoitwa kwa jina lake. Changu kinanuka mafuta ya kupikia, lakini kazi ni moja.

Kifuniko kikipotea kabla ya fundo la pili, yaani chini ya sentimita 20, hapo rangi ya chambo ni pambo tu. Navua kwa mtikisiko na harufu. Kati ya fundo la pili na la sita ndipo penye kazi ya kuchagua, na sehemu kubwa ya niliyoandika hapa inahusu maji hayo. Kikishuka zaidi ya mita moja, vua kama watu wengine wanavyovua. Sisi wa upande huu wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, hatupati bahati hiyo mara nyingi. Ukitaka maji hayo, panda gari uende Mbita, utazame upande wa ziwa kuu.

Mimi ni fundi wa redio na spika, kibanda changu kiko Kondele, mjini Kisumu. Naeleza hivyo mapema kwa sababu yote niliyojifunza kuhusu vyambo bandia niliyaelewa mezani pangu pa kazi, wala si ziwani. Miaka mitatu ya kwanza nilivua kwa macho. Binamu yangu aliye ng'ambo alinitumia vyambo kumi na viwili vya rangi ya fedha, migongo buluu, vimechorwa magamba moja moja, vizuri hivi kwamba binti yangu mdogo aliomba kimoja akitundike shingoni. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimeshateremsha udongo wa nyanda za Kano kupitia mto Nyando, na ghuba imekuwa uji wa wimbi. Nilivirusha Jumamosi nne mfululizo. Hakuna samaki aliyenigusa. Kando yangu mjomba, ambaye hajawahi kununua chambo bandia maishani mwake, alikuwa akitoa mumi, yaani kambare, mmoja baada ya mwingine kwa vipande vya sabuni ya mche. Jumamosi ya nne ndipo aliponihurumia. "Okewo," akaniambia, maana mimi ni mtoto wa dada yake, "hao samaki unaowatupia mapambo hawana tochi."

Jumatatu yake nilikuwa natengeneza wufa ya mteja, ile spika kubwa ya besi, yaani sauti nzito. Nilikuwa nimeilaza chali, na kwa uzembe nikaweka bakuli la maji juu ya sanduku lake. Nilipowasha nikapiga sauti nyembamba, maji yalitulia kama hayajaambiwa kitu. Nilipofungua besi, yakacheza mpaka yakamwagika kwenye benchi. Nikakumbuka ule mstari unaopita ubavuni mwa samaki kutoka kwenye matamvua hadi mkiani, ule unaouona ukimparua mbuta, yaani sangara. Si pambo. Una vitundu vidogo vyenye seli zinazohisi maji yakisukumwa, na zinachosikia vizuri ni mitikisiko mizito ya chini, ya karibu. Samaki ana masikio pia ndani ya kichwa, na sauti majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kwa hiyo kwenye maji ya tope samaki hajapofuka kabisa. Anakusikia kutoka mbali, anakuhisi akikaribia, na jicho linakuja mwisho kabisa, wakati mdomo uko karibu kufunguka. Vyambo vya binamu vilikuwa vimetengenezwa kwa mpangilio wa kinyume: uzuri wote kwa jicho, ubavuni kimya.

Tangu siku hiyo kila chambo nakipima kwa mkono kabla ya kukirusha. Kifunge, kishushe pembeni mwa mashua au kwenye gati, kisha kivute kwa mwendo wa mtu anayetembea akiongea na simu. Shika fimbo kwa vidole, usiikamate kwa nguvu. Ukihisi dug-dug-dug kwenye kiganja, kiweke upande wa kulia wa kisanduku. Kisipotetema mpaka ukivute mbio, kirudishe kwa binamu. Kwenye maji yasiyoonekana samaki anahitaji muda wa kukifuatilia chambo, hivyo kinachofanya kazi kwa kasi tu hakina maana kwako hata kama kina besi ya kanisa.

Kwa spina, vile vyambo vyenye bapa la chuma linalozunguka, tazama umbo la bapa. Kuna bapa jembamba, refu, kama jani la mkaratusi. Hilo huzunguka haraka, humeta sana na husukuma maji kidogo; ndilo ile spika ndogo ya juu. Na kuna bapa pana la mviringo, kama sarafu ya shilingi ishirini iliyobonyezwa katikati. Hilo huzunguka polepole kwa duara pana na kila mzunguko unayapiga maji kofi. Chukua la mviringo. Ukipata lenye rangi ya shaba badala ya fedha, bora zaidi, nitasema kwa nini nikifika kwenye rangi.

Kwa vyambo vya mbao au plastiki vyenye umbo la samaki, tazama mdomo, ule ulimi ulio mbele unaokifanya kizame. Mdomo mfupi na mpana hukifanya kiyumbe kwa mapana. Mdomo mrefu na mwembamba hukipeleka chini zaidi, na hiyo haina faida kubwa kwenye ghuba yenye kina kifupi kama yetu. Kitikise sikioni. Vingine vina njuga nyingi ndogo, chekechekecheke kama kayamba; vingine vina gololi moja kubwa inayogonga ko, ko, ko. Kwa maji mazito nachukua cha gololi moja. Na ukiwa na chambo bubu unachokipenda, usikitupe. Mimi hukata kipande cha antena ya redio kuukuu, urefu wa kifundo cha kidole, natia ndani gololi mbili za beringi ya baisikeli, naziba ncha mbili kwa lehemu, kisha naifunga tumboni mwa chambo kwa uzi na gundi. Antena za redio mbovu sikosi.

Kwa vyambo vya mpira, acha vyenye mkia mwembamba uliochongoka. Tafuta mkia wa kasia, ule bapa mwishoni, unaopiga kushoto na kulia hata ukivuta polepole. Uvike kwenye jigi, ile ndoana yenye kichwa cha risasi, ya gramu 14 hadi 20. Vichwa vya jigi unaweza kuvimwaga mwenyewe kutokana na vile vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu, lakini yeyusha nje, upande upepo unakotoka, na kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni kamwe. Moshi wa risasi ni sumu. Sisi mafundi wa lehemu tunaambiwa kila siku na tunajifanya hatusikii.

Sasa kijiko. Hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kilichonipa mbuta wengi kuliko vitu vyote nilivyonunua kwa pesa, na hakikunigharimu chochote isipokuwa amani ya nyumbani. Chukua kijiko cha mezani cha chuma cha pua, kile kikubwa cha kupakulia mchuzi, si cha chai. Kata mpini kwa msumeno wa chuma mahali unapoanza kupanuka. Piga tupa ukingo wote mpaka ukipitisha uzi wa nailoni hapo haukwaruziki, kwa sababu ukingo mkali utakata mshipi siku samaki wa maana akija. Toboa tundu moja kila ncha, milimita 4 kutoka ukingoni. Kisha kilaze juu ya kipande cha reli au jiwe, ukigonge kwa nyundo ya kichwa cha mviringo upande wa nje, vibonyeo kumi au kumi na tano visivyo na mpangilio. Hivyo vibonyeo humwaga maji ovyo kikiyumba, na ule uovyo ndio unaotakiwa. Mwisho kipinde kidogo, ncha ya nyuma ielekee juu kiasi cha unene wa kalamu. Pete ya chuma mbele, pete nyuma, ndoana moja namba 3/0. Kijaribu. Kikizunguka kama feni, umekipinda kupita kiasi, kinyoshe. Kinatakiwa kiyumbe, kisikamilishe mzunguko, la sivyo mshipi utasokoteka. Hata hivyo weka kiungo cha kuzunguka sentimita 60 juu yake. Mke wangu alivihesabu vijiko siku ya pili tu. Siku hizi nanunua vya mtumba soko la Kibuye, Jumapili.

Ukubwa. Hapa wengi hukosea kwa sababu ya kujua mambo. Wanajua mbuta anakula omena, yaani dagaa, omena ni mdogo, basi wanarusha kitu cha sentimita 5. Kwenye maji maangavu ungekuwa sawa. Kwenye uji, kitu kidogo hupita bila kusukuma maji ya kutosha, na samaki hana sababu ya kuacha alipo. Nenda sentimita 9 hadi 13, kinene badala ya kirefu. Mbuta wa kilo mbili ana mdomo wa kutosha, usimwonee huruma.

Rangi nimeiweka nyuma makusudi, lakini si kwamba haina kazi. Kwanza jua tope lako ni la aina gani. Kuna maji ya kahawia, ya udongo wa mito, na kuna maji ya kijani, ya mwani. Udongo na yale majani yaliyooza huila buluu kwanza, kinachobaki chini ni mwanga wa machungwa na wekundu. Ndiyo maana kwenye maji ya kahawia natumia machungwa, manjano ya yai na shaba, daima pamoja na mistari myeusi. Mwani hula buluu na wekundu, hubakiza ukijani. Humo natumia kijani-manjano kinachoumiza macho, tena na nyeusi. Fedha inayong'aa ni kioo, nacho kioo huonyesha kilicho mbele yake. Ukikizamisha ndani ya tope kinaonyesha tope. Hivyo ndivyo vyambo kumi na viwili vya binamu vilivyotoweka mbele ya samaki. Nilivipaka rangi ya kucha, machungwa kichwani na pete nyeusi mgongoni, chupa mbili kutoka Kibuye, na vinne kati yake bado viko kazini.

Jua likianza kuzama, weka rangi zote kando, funga cheusi kitupu. Ukimmulika mbuta kwa tochi usiku, macho yake hurudisha mwanga kama ya paka. Ni macho ya kukusanya mwanga mdogo. Akiwa chini anatazama juu, mbingu bado ina weupe kidogo, na kitu cheusi kinachopita hapo kina ukingo wazi kuliko rangi yoyote. Kijiko changu cha jioni nimekichoma kwa moshi wa koroboi.

Saa nayo inategemea aina ya tope, na hili lilinichukua muda kulikubali kwa sababu wavuvi tumezoea kusifu alfajiri. Katika maji ya kahawia, alfajiri ni sawa. Katika maji ya kijani kibichi sana, lala. Usiku kucha mwani hautengenezi oksijeni, unaitumia tu, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo maji yana hewa kidogo kuliko saa zote, na mbuta ni samaki asiyevumilia kukosa hewa. Anahama. Ngoja mpaka saa nne, saa tano, jua lifanye kazi, au mchana upepo wa kutoka ziwani ukianza kukoroga maji. Na pale penye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, usinywe, usinawe uso, wala usivue. Mwani wa namna hiyo unaweza kuwa na sumu.

Wanaobaki kwenye maji yasiyo na hewa ni mumi na kamongo, maana hao hupanda juu kuvuta pumzi. Kwa hao chambo bandia ni mkokoteni tu wa kubebea harufu. Vika jigi mpira mweusi, kisha tundika kipande cha omena au utumbo wa kuku kwenye ndoana, uburute chini kabisa, unavuta hatua moja, unangoja mpaka uchoke. Kamongo ukimtoa, tumia koleo. Taya zake zinaponda konokono na hazitofautishi konokono na kidole. Ngege, yaani tilapia, usimtafute kwa njia hii hata kidogo. Huyo si wa kukimbiza vitu, na kila mtu aliyeniambia amempata kwa spina aliniambia akiwa amekaa mahali penye chupa.

Mahali pa kurusha: ukingo wa mafunjo, ukingo wa gugu maji, mawe, na hasa ule mstari ambapo maji ya mto na ya ziwa yanakutana na unaona rangi mbili. Rusha upande wa tope, vuta kuelekea upande ulio afadhali. Usirushe mara moja ukahama. Rudia palepale mara sita, saba, kwa mwendo uleule, kwa sababu samaki anakutafuta kwa kukisia na ukibadilisha mwendo unampoteza. Nikiwa karibu na gugu naondoa ndoana za matawi matatu, naweka moja iliyoelekea juu. Gugu hilo limetusumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na halirudishi vijiko. Mchana upepo hulisukuma kuja pwani ya Kisumu, kwa hiyo kabla hujanogewa angalia nyuma yako kama njia ya kurudi bado ipo.

Mshipi: mwishoni funga nailoni nene, milimita 0.8, urefu wa mkono. Mbuta hana meno ya kukata lakini mdomo wake ni msasa, na vifuniko vya matamvua vina ncha kali; usimshike hapo. Aliye chini ya sentimita 50 mrudishe majini. Sheria ya Kenya ndiyo inavyosema, na kwenye ubao wa mashua nimechora alama kwa rangi ile ile ya kucha ili tusibishane. Leseni na desturi za ufuo ulizia kwa BMU ya hapo, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, kabla ya kushusha kitu.

Usisimame majini miguu mitupu, kichocho kipo. Na kiboko hasomi rangi ya chambo: ukisikia akikoroma karibu na mafunjo, kata mshipi kama umenasa, uondoke.

Kwa wa upande wa Nakuru, Ziwa Nakuru lenyewe ni la magadi na ni hifadhi, achana nalo. Naivasha ndiko kwenye wale samaki wa mdomo mpana walioletwa kutoka Marekani miaka ya 1920. Huwinda kwa macho zaidi kuliko mbuta, na ziwa limechafuka zaidi tangu karpu waanze kufukua matope. Huko spina ya bapa la mviringo, yenye manyoya meusi, kandokando ya mafunjo, polepole. Kifuniko cha kasuku kinafanya kazi hata huko.

Mjomba bado hatumii chambo bandia. Mwezi uliopita tulikuwa Dunga, jua limebaki upana wa kidole, nikatoa mbuta wawili kwa kijiko cheusi, wa pili ana sentimita 71. Hakusema kitu. Tulipokuwa tunavuta mashua nchi kavu akauliza, akitazama upande mwingine, kama vijiko vya Kibuye vinauzwa kimoja kimoja au lazima ununue dazeni.